Uso Wako Kwenye Kiti cha Nyuma

Mama Nyambura,

Hii ni wiki ya saba tangu tukulaze kaburini Limuru, na sikuwa nimepanga kukuandikia. Wewe mwenyewe ulisema barua ni za watu wasio na kazi. Lakini kuna kazi niliyoifanya Jumanne hapa kwetu Hurlingham, na sina mwingine wa kuniambia kama niliifanya sawa. Miaka tisa nimekuwa nikimaliza kuosha kiti cha gari, nakuita uje ukiguse kwa kiganja. Siku hizi namaliza, nageuka, naona ukuta.

Nikupe habari kwanza. Kibao chetu bado kiko nyuma ya maduka na jina lako, sijakigusa. Yule mama wa benki kule Upper Hill alileta gari lake akauliza, "Na boss wako ako wapi leo?" Nikamwambia. Akakaa kwenye stuli yako mpaka akachelewa kazini. Mimi niko sawa, kwa maana kwamba nakula na nafika kazini. Kulia, nilikuwa sijalia. Nitakwambia sababu, na usinikasirikie, kwa kuwa inamhusu mtoto wako.

Tangazo lako la kifo lilipotoka gazetini nilinunua nakala nikaisoma nimesimama barabarani. Walitumia ile picha ya kilemba cha zambarau, ila gazetini kilemba kilitoka kijivu. Chini yake majina: binti wa fulani, dada wa fulani, mama yake Nyambura, shangazi wa hawa, rafiki wa wale. Hata mwenyekiti wa jumuiya yenu ya kanisani alikuwemo. Mimi sikuwemo. Mimi niliyekuwa nakusindikiza kliniki, niliyejua ni dawa ipi inakutapisha na ni ipi unaificha kwenye soksi. Nilisoma tena na tena, nikidhani macho yangu ndiyo yenye shida. Siku ya mazishi nilikaa nyuma kabisa karibu na wapishi, nikajiona sina haki ya kulia mbele ya waliotajwa. Ndiyo maana.

Basi Jumanne, Nyambura akaingia na gari lake. Unajua hajawahi kulileta kwetu hata siku moja. Alishuka bila kuzima injini, akasimama mbele yangu, akasema, "Nekesa, mum ako kwa kiti."

Nilidhani majonzi yamemzidi. Nikamshika mkono, nikazima injini mwenyewe, na taratibu akanieleza. Akina mama wa jumuiya waliwasha mishumaa kila jioni ya maombi, na vipande vilivyobaki wakamwekea kwenye katoni, kwenye kiti cha nyuma. Siku ya kukuchukua mochari gari lilikaa juani asubuhi nzima. Mishumaa ikayeyuka, nta ikapenya katoni ikanywewa na kitambaa. Hakuna aliyeshughulika, nani angeshughulika siku ile? Jumapili iliyopita ndipo alipoamua kuitoa mwenyewe. Aliona kwenye simu kwamba unaweka karatasi juu ya nta na kupiga pasi. Karatasi iliyokuwa karibu ni gazeti, lilelile lililokuwa garini tangu mazishi. Hakuangalia ukurasa gani umelala chini. Akapiga pasi ya moto sana, nta ikanywa wino, na alipoinua gazeti wewe ulikuwa umebaki.

Nilifungua mlango wa nyuma nikakuona. Kitambaa cha viti vyake ni rangi ya chai ya maziwa, na juu yake ulikuwa kijivu, umegeuzwa kushoto kulia kama kwenye kioo, kilemba, jicho moja na shavu mpaka mdomoni. Nta iliishia hapo. Chini kulikuwa na majina, nayo yamegeuka. Mama, nilijua langu halimo. Hata hivyo niliinama nikalitafuta.

Nyambura akasema niitoe. Nikafuata barafu kwenye friji ya soda pale kioski, na niliporudi akasema, "Ngoja kwanza. Usitoe." Kisha akasema, "Fanya tu vile mum angefanya," akaenda kukaa kwa mlinzi wa maduka, ametugeuzia mgongo. Hivyo ndivyo alivyoniachia. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Hawakuniandika kati ya watu wako, halafu mkono wa kukufuta uwe wangu.

Nikakaa kwenye stuli yako nifikirie ungefanyaje. Nikamkumbuka yule mzee mjane aliyetaka tuoshe viti vyote ila tuache alama ya mafuta ya nywele za mkewe pale juu ya kiti cha abiria. Hukubishana naye. Uliiacha, ukaosha kwingine kote, na ulipomrudishia ufunguo ukamwambia, "Nimekuachia. Lakini sasa hakuna mtu utakubali akae hapo, na kiti ni ya kukaliwa." Baada ya mwezi alirudi mwenyewe, akakuomba uitoe, na akasimama pembeni mpaka ulipomaliza.

Nikanyanyuka.

Nilianza kama ulivyonifundisha ile wiki yangu ya kwanza, nilipomwagia nta maji ya moto nikidhani nafanya haraka. Uliangalia kile kiti ukacheka mpaka ukafuta macho. "Umeizamisha, msichana wangu. Sasa utaitafuta mpaka kwa sponji." Kwa hiyo barafu kwanza, ndani ya mfuko, nta ikakamaa. Nikaibandua kwa mgongo wa kile kijiko chako butu, kidogo kidogo, nisikwaruze kitambaa. Nilianzia chini, kwenye majina. Uso niliuacha mwisho. Sikupanga hivyo, mkono wangu ndio uliokataa kupanda.

Kisha karatasi ya kaki, safi, isiyo na maandishi, na pasi ya uvuguvugu. Nilipofika kwenye shavu lako nikajikuta nakandamiza kwa nguvu, na nikakusikia kabisa: "Iron sio ngumi, Nekesa." Nikalegeza mkono. Karatasi ya kwanza ililowa nta ikawa nzito. Ya pili pia. Nilipoibandua ya tatu, jicho lako lilikuwa juu yake, hafifu, linaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia nikichelewa. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, pasi mkononi, mpaka fundi wa redio wa jirani akatoka kuangalia.

Nyambura alikuja akaichukua pasi mkononi mwangu, akaiweka chini. Alikuwa akilia pia. Akaniambia, bila kuniangalia, "Alikuwa anakuita msichana wangu. Kila siku kwa simu, msichana wangu hivi, msichana wangu vile. Mimi nilikuwa naskia vibaya. Ni mimi niliandika ile list." Nikakata karatasi nyingine ya kaki, nikamwonyesha namna ya kuishika pembe mbili isiteleze. Akashika. Tukamaliza pamoja, yeye karatasi, mimi pasi, kisha spiriti kwa kitambaa cheupe, kugonga tu bila kusugua, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia.

Ile karatasi ya tatu niliitafuta baadaye ili nikuwekee mahali. Nta ilikuwa imepoa, karatasi imejikunja, na uso haukuwepo tena, ni doa tu la kijivu. Nyambura aliiangalia na yeye. Tukaitupa.

Kabla hajaondoka alitoa kalamu. Misa yako ya kumbukumbu ni Jumapili hii, na padri husoma majina ya familia kabla ya sala. Akaniuliza, "Jina lako lote ni gani? Mimi najua tu Nekesa." Miaka tisa, Mama Nyambura. Bado nina kinyongo, sitakudanganya, hakijaisha kwa kuulizwa jina. Lakini nilimwambia, na aliliandika mbele yangu, juu, chini ya lake.

Lala salama, mama. Kibao kitabaki na jina lako, na kila doa nitalitoa kwa subira uliyonifundisha hata siku ambayo sina. Kuhusu Nyambura, nakuahidi nitajaribu. Sisemi zaidi ya hapo, maana ungejua nadanganya.

Atanipitia Jumapili asubuhi. Shangazi yako atakaa mbele, kwa sababu ya magoti. Mimi nitakaa nyuma, upande ule. Nilikigusa kiti kwa kiganja kabla hajaondoka na gari, na kilikuwa kimekauka.

Msichana wako,
Nekesa