Leso Kabla ya Machozi

Alhamisi, 8 Mei
Umeme umekatika, na leo ndiyo siku ya tamthilia! Mtaa mzima kiza. Wiki iliyopita walituacha pabaya: Shungi, yule msichana wa kuunganisha simu — enzi zile za waya na mitambo — kasikiliza mazungumzo ya meneja, na meneja kagundua kuna aliyesikiliza. Baba watoto kapiga simu: ana gari la mteja gereji, nisimsubiri. Hii ndiyo saa pekee tunayokaa pamoja wiki nzima. Nimenuna peke yangu na mshumaa.

Ijumaa, 9 Mei
Fundi mwenzangu kaiona, kwao umeme ulikuwepo. Nikamwambia akithubutu kunisimulia namshona mdomo kwa cherehani. Marudio kesho alasiri. Baba watoto anasema na yeye hajaiona, tutaangalia wote. Nimefurahi kama mtoto!

Jumamosi, 10 Mei
Tumeiona. Meneja kawapanga wasichana mstari. Shungi anatetemeka. Nikasema, kwisha habari yake. Kumbe mama msimamizi, yule mkali tuliyemchukia sote, ndiye aliyejitokeza, kasema aliyesikiliza ni yeye! Kavua visikilizio, kaviweka mezani taratibu, kachukua mkoba, katoka. Baada ya miaka yote ile ya kazi! Nililia kwa sauti.

Lakini ile leso. Baba watoto alinipa leso yake Shungi akiwa bado anatetemeka, msimamizi hata hajainuka. Wala hakuwa akiangalia televisheni. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikamuuliza kama alishaiona. Akacheka. Angeionea wapi, na yeye alikuwa chini ya gari?

Jumapili, 11 Mei
Asubuhi nimemuuliza mlinzi wa gereji, kiutani tu. Kwao pia umeme ulikatika Alhamisi. Walifunga mapema, wakaondoka wote. Hata mumeo, shemeji, kwani hakufika?

Nimerudi nyumbani. Mchana, chakula kikiwa mezani, nikamuuliza: uliiangalia na nani?

Hakuniuliza naongelea nini. Akaweka kijiko chini. "Mama watoto, kaa kwanza."

Nimekataa kukaa. Nimejifungia chumbani, naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Yuko nje ya mlango, hagongi. Nilitaka agonge, mjinga mimi.

Sasa anaongea na simu. Kashusha sauti, lakini mlango wenyewe mwembamba —

"Ameshajua," anasema. Anasikiliza. Halafu, kwa upole ambao sijausikia siku nyingi: "Usilie. Usilie, basi."