Kilomita Elfu za Kwanza

Jumatatu, 2 Juni 2025

Imefika! Pikipiki yetu imefika Kibondo! Nyekundu, ya mtindo wa mashindano, tangi limetuna kama mabega ya ng'ombe dume. Reverien ameiingiza mpaka sebuleni, kati ya kochi na zawadi za harusi ambazo hatujamaliza kuzifungua. Siku ya tisa ya ndoa yangu. Nilimchungulia kutoka chumbani — anatabasamu peke yake! Mungu wangu, huyu ni wangu!

Fundi Hashimu alikuja kuikagua. Masharti yake: kilomita elfu moja za kwanza, mshale wa mwendo usivuke arobaini. Kila nusu saa izimwe, ipoe. Mizigo hapana. Anasema vyuma vya ndani bado havijazoeana, ukivikimbiza vinachubuana, basi umeiua. Reve anajua. Pikipiki yake ya kwanza aliiua hivyohivyo akiwahi mnada wa maharage, tukaahirisha harusi mwaka mzima hadi apate fedha ya nyingine.

"Na mke?" Reve akauliza. "Mke ni mzigo?"

Hashimu akanitazama pale mlangoni. "Huyu si mzigo, huyu ni pambo. Ila mtachekwa. Sura ya mashindano, mwendo wa bibi harusi!"

Kazi yangu ni kuandika kilomita. Nimekabidhiwa rasmi, kwa busu. Leo: 6.

Alhamisi, 5 Juni

88. Bado sitoki nje ya ua. Kwetu bibi harusi hakanyagi kwao mpaka ndugu zake waje kumfunua, gutwikurura. Hata ufagio nimenyang'anywa! Reve ananitania: wewe na pikipiki ni mtu na dada yake, wote wapya, wote hamruhusiwi mbio.

Nimempigia Mama, Rungwe Mpya. Anakohoa. Vumbi tu la kiangazi, anasema.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefunuliwa! Shangazi Maximilla alinitoa kitambaa usoni, nikashika mwiko, nikampakulia mume wangu mbele ya watu wote. Vigelegele! Reve alimaliza sahani nzima akiniangalia mimi tu.

Lakini Mama hakuja. Shangazi alisema ni kifua, akageukia sufuria. Kaka yangu Melkiadi, anayeishi naye, anataka kumpeleka hospitali. Mama hataki. Anasema watoto watakuja wakute nyumba imefungwa?

Nilitaka tuondoke kesho. Reve ana miadi ya kukagua na kununua maharage ya watu wiki nzima. Basi Jumamosi ijayo. Nitavaa kitenge cha bluu alichoninunulia Mama. Hajaniona nacho.

Jumatano, 11 Juni

492. Jioni Reve alinipitisha barabara ya sokoni. Vijana wakapiga kelele: "Kaka, shuka uisukume!" Reve akawapungia mkono kama mheshimiwa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nimegundua kitu — mgongo wake una joto lake, tofauti na la jua. Ningeweza kuishi pale.

Ijumaa, 13 Juni

731. Kitenge nimekipiga pasi mara mbili. Kesho namwona Mama!

Jumamosi, 14 Juni

Mama hayupo. Saa tano asubuhi. Sisi tumefika saa sita na dakika ishirini.

849. Sijui kwa nini nimeiandika.

Jumatatu, 16 Juni

Tumemzika jana. Leo watu ni wengi uani, nami nimejifungia chumba chake. Mto bado una harufu ya mafuta yake ya kichwa. Naandika hapa kwa sababu hakuna nitakayemwambia.

Tuliondoka saa mbili. Asubuhi nzuri sana. Reve alivaa shati la harusi. Nilikuwa nimemshika kiunoni, shavu mgongoni kwake, mshale umetulia kwenye arobaini. Malori yanatupita, baiskeli moja ya mkaa ikatupita kwenye mteremko — tukacheka! Kila nusu saa tunazima, tunakaa kwenye nyasi, ananimenyea ndizi.

Mapumziko ya pili nikampigia Mama. Ilikuwa saa tatu na robo. Sauti yake ilitoka mbali.

"Mwana wanje, mpo wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mambo ya kilomita elfu, na fundi, na baiskeli ya mkaa. Nadhani alicheka. Au alikohoa.

"Basi buhoro buhoro," akasema. "Msije mkakiharibu chombo chenu. Mimi nipo."

Nilipokata, Reve alikuwa amesimama, funguo mkononi.

"Winnie, hiyo sauti siipendi. Niifungulie mafuta, tukimbie? Saa moja tu tumefika."

Na mimi nikasema hapana.

Nikasema fundi kasema arobaini. Nikasema Mama mwenyewe kasema taratibu, umemsikia. Nikamvuta shati, nikamwambia, "Unataka kuiua na hii, tusubiri tena mwaka?" Akaniangalia. Akasema sawa.

Haikuwa injini. Niandike ukweli hata mara moja. Nilikuwa na raha. Nilitaka njia isiishe. Kufika kwetu kulikuwa na maana ya kushuka, na sikutaka kushuka.

Tukapumzika mara tatu tena. Mara ya mwisho nilichuma maua ya porini.

Tulipoingia uani wanawake walikuwa tayari wameketi chini. Melkiadi alitoka, macho mekundu. Akasema Mama aliulizia mara tatu kama tumefika. Kisha akauliza tuliondoka saa ngapi. Reve akasema saa mbili.

"Zaidi ya saa nne? Kwenye barabara ile? Mlikuwa mnatembea kwa miguu?"

Nilifungua mdomo. Reve akatangulia.

"Pikipiki ni mpya, shemeji. Niliihurumia."

Niliihurumia. Si tuliihurumia. Na mimi nikaufumba mdomo wangu, nikashika maua yale.

Jumanne, 17 Juni

Hawamsemeshi. Chakula wanampelekea peke yake, chini ya ukuta wa jiko. Anakwenda Kasulu na kurudi, sukari, turubai, mchungaji — bila kuombwa. Bado kwa arobaini. Naisikia ikija kutoka mbali, ule mlio wa taratibu, na watu wanaacha kuongea.

Usiku nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akasema, "Wewe umebakiza kaka mmoja. Usimpoteze na yeye." Akanifunika kitenge cha bluu. Nilimgeuzia mgongo. Si kwa hasira! Sikuweza kubeba uso wake.

Jumatano, 18 Juni

Matanga yanaanuliwa leo. Nimetoka kuangalia mita kabla ya watu kuamka: 1003. Imetimia. Hakuna aliyecheka, hakuna busu.

Wazee wamekaa uani. Mimi niko chumbani kwa Mama, pazia la mlango limeshuka, daftari juu ya magoti. Melkiadi anaongea kwa sauti ili nisikie. Anamuuliza Reve kilomita zimefika ngapi. Reve anajibu, taratibu: elfu na tatu.

"Kumbe imeshalainika! Basi panda, shemeji, rudi kwenu. Sasa unaruhusiwa kukimbia. Dada yetu atabaki kwanza, tuone kama mtu wa kuhurumia chuma anajua kuhurumia mtu."

Hakuna anayempinga. Hata Shangazi Maximilla.

Nasikia funguo. Anaaga mmoja mmoja, kwa adabu, kama anayetoka kanisani. Hajitetei. Nikikaa kimya nitabaki na kaka, na nyumba hii, na kila mtu atanionea huruma. Nikisema ni mimi niliyemzuia —

Imewaka. Anaiacha ingurume papo hapo, kama Hashimu alivyomfundisha, ipate moto kwanza kabla ya kuondoka. Dakika mbili, alisema. Reve hajawahi kupunguza hata moja.

Kitenge kimekunjamana. Mkono wangu uko kwenye pazia, huu mwingine bado unaandika, na nje Shangazi anauliza, "Winnie yuko wapi?"