Binti Yetu Anaongea Kisabuni

Mshauri mpendwa, nisaidie, nyumba yangu imenyamaza na aliyeinyamazisha ni mimi. Mimi ni mkorogaji katika kiwanda cha sabuni, mke wangu ni mfungashaji, tulikutana humo humo, yeye ana lugha ya kwao na mimi nina hii ninayokuandikia, hatukuelewana hata neno, ila watu wa kila kabila pale tulikuwa na mchanganyiko wetu wa kuokoteza, koroga, mwaga, kata, ongeza moto, tukauita Kisabuni, basi tukapendana kwa huo huo, tukaoana, tukapata binti, sasa ana miaka sita na hana lugha nyingine, yeye na wenzake wa nyumba za wafanyakazi wanakimwaga hicho Kisabuni mpaka sisi wazazi tunaachwa njiani. Majuzi kwenye kuandikishwa shule fomu ikauliza lugha ya nyumbani, nikasema Kisabuni, mwalimu akacheka, akasema, “Baba, hivyo ni vijineno vya kazini, mtoto huyu hana lugha,” masikio yakaniwaka kwa aibu, nikarudi nikapiga marufuku, nikaamuru iwe hii yangu tu, ambayo mke wangu haijui, sasa tunaitana kwa kukohoa, na binti yangu, kasuku wa nyumba, ana wiki mbili hajafungua kinywa. Nimemwokoa au nimemuumiza? Fomu bado ninayo.
Mkorogaji

Mkorogaji, pole. Sasa kaa nikuseme.

Umemuumiza. Mlipokuwa mkiokoteza maneno ya kazi, kisha kila mtu jioni anarudi kwenye lugha ya kwao, hiyo wataalamu huiita pijini, lugha isiyo na mtoto aliyezaliwa nayo. Ikishapata watoto wakaikuza huitwa krioli, nayo ni lugha kamili. Mpaka uko wapi hasa, wataalamu wenyewe bado wanabishana, waache, ndiyo kazi yao. Wewe niambie, huyo kasuku alikuwa akisema koroga na mwaga tu? Hakutania? Hakusimulia ndoto? Hakukubishia akiambiwa akalale? Umesema mwenyewe kuwa wanawaacha njiani!

Na mkeo, bwana, ulimtongoza kwa kukohoa?

Lugha ya shule ataijua, watoto hawashindwi na lugha mbili. Yako pia mfundishe, taratibu, bila amri. Fomu ijaze leo kwa wino: Kisabuni. Mwalimu akicheka, mwache acheke. Kisha piga magoti mbele ya binti yako, umwombe radhi kwa lugha yake. Ukikosa neno la kusema nisamehe, maana kiwandani hamkulihitaji, muulize yeye. Analo.