Ekzosi ya Pikipiki ya Athanasi

Bariadi

Mwangaluka, shemeji Milembe,

Mama anakusalimu, na pamba yetu imeota vizuri. Nimeandika kwa sababu simu yako haipatikani.

Jana mteja alileta pikipiki nimtengenezee ekzosi yenye mlio mzito. Nilipofungua ya zamani, nikaigeuza nuruni. Nilitambua kiraka nilichokichomelea mwenyewe, kwenye pikipiki ya mume wako Athanasi, ile tuliyoamini ilisombwa na mafuriko pamoja naye.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kaniuzia Athanasi, wa kule Lingeka. Anaishi na mkewe na watoto."

Shemeji, kaka yangu yuko hai! Mama bado sijamwambia. Najua Jumamosi unaolewa. Nakuomba usifunge ndoa kabla hatujaonana.

Ni mimi shemeji yako,
Kija