Dhahabu ya Siku Arobaini na Moja

Kwa Profesa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kifua kimepoa. Mimi nipo, ila goti linanisumbua. Baba yako anakusalimu sana. Macho hayaoni tena, lakini akili yake bado wembe.

Barua yako niliisoma kwa sauti mlangoni, makusudi, jirani mwenye cherehani asikie kwamba mwanangu yuko makumbusho na anavaa glavu nyeupe. Akajifanya anatunga uzi.

Baba yako nilimsomea mara tatu. Kwamba ile sarafu ya dhahabu ya serikali ya mapinduzi iliyodumu siku arobaini na moja, inajulikana moja tu duniani, nayo ukingo umelika. Kwamba vitabu vinamtaja mtu mwingine, si baba, kuwa ndiye aliyechonga muhuri wa kuipigia chapa. Kwamba mkiiona ya baba, yenye alama yake ya nyundo ukingoni, jina lake litaandikwa ukutani. Kisha akataka nimnyoe ndevu, eti wageni wako wasimkute kama beberu. Sasa kila asubuhi anauliza mnakuja lini.

Mwanangu, kaa chini.

Siku ile ulipokuwa wa kwanza shule nzima, mwalimu mkuu aliagiza mama yako apande jukwaani. Nami pengo langu la mbele lilikuwa kama mlango ulioachwa wazi. Niliona nitakuaibisha. Nikaipeleka sarafu kwa sonara, akaiyeyusha, akanitengenezea jino. Kilichobaki akakichukua kuwa ujira wake. Ndilo lile jino la kwenye picha yetu, ukasema mama unang'aa. Baba yako nilimwambia ni shaba. Katika kisanduku anachoitunzia nikaweka kifungo cha koti. Huwa hakifungui, anaogopa kuisugua. Hukitikisa tu aisikie ikigonga.

Jana alikitikisa, akacheka peke yake, akaniambia, "Mama Profesa, siku naichonga mkono haukutetemeka hata mara moja." Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma, maana mimi niliishia darasa la nne: jino halitoshi? Limeanza kulegea, naweza kuling'oa. Waulize wakubwa zako. Na kama halifai, nifundishe maneno ya kumwambia, maana ndevu nimeshamnyoa.

Nisalimie mkwe wangu, na kifua ukifunike.

Ni mimi mama yako,
yule wa kwenye picha.