Taa ya Mezani

Jumatatu, 3 Machi

Makala imekubaliwa. Profesa ameniambia kwa kunong'ona, kama kawaida yake maabarani — anaamini sauti inatikisa vioo. Mwanga wa leza una kelele yake, hautulii. Sisi tumeubana, kelele ikashuka asilimia thelathini. Kwa hiyo kioo kikisogea hata kiduchu, tunakiona. Kwa hiyo nahitimu.

Nimempigia mama. Eti miaka sita mnapima taa, bado hamjajua kama inawaka? Kisha akalia. Sasa hivi ukoo mzima una habari.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna jipya. Nimefuta vioo. Chai imepoa mezani.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa umeme alikuja kubadilisha soketi. Mtani wangu huyu, hakosi neno. Kafungua daftari langu la vipimo, kausifu mwandiko. Akauliza, si mnapima gizani nyie? Nikasema ndiyo, giza totoro. Akasema basi una macho ya paka wewe, mistari imenyooka hivi. Akabeba mkoba wake, akaenda zake.

Nikalifungua daftari tena.

Mwanga wa kawaida, usiobanwa, niliuandika kwa mkono, kwa penseli, namba baada ya namba. Nilikuwa nawasha taa ya mezani ili nione. Mwanga uliobanwa uliandikwa na kompyuta, taa imezimwa. Yaani kelele ya taa iliingia upande mmoja tu, na sisi tukaihesabu kuwa ushindi wetu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudia tangu asubuhi, taa imezimwa pande zote mbili. Si thelathini. Nne. Nikarudia — tano. Tena — nne.

Nne si haba. Ila makala inasema thelathini, na bila makala sina shahada. Ninayejua ni mimi peke yangu, fundi hata hajui alichosema. Naona aibu. Kusema kweli, woga umezidi aibu. Mama kapiga tena, anauliza joho la mahafali ni rangi gani. Nikamjibu jeusi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kumwambia Profesa. Sikuthubutu. Nikamwomba tu tupime pamoja mwanga wa kawaida, mara moja ya mwisho kabla makala haijatoka. Alifurahi mno, akakunja mikono ya shati. Nikamwambia leo uandike wewe. Nikampa daftari na penseli, nikazima taa ya mezani.

Nikaingiza kichwa ndani ya pazia jeusi linaloziba mwanga wa mita ya kupimia, nikamsomea namba ya kwanza.

Akasema washa taa basi, mwanangu, nitaandikaje sioni, kwani wewe ulikuwa unaandika—

Hakumalizia. Mimi sikuwasha.

Baadaye akaniomba nimpishe kidogo. Niko koridoni, naandika haya juu ya goti. Dakika ishirini sasa. Leza bado inavuma huko ndani. Chini ya mlango hakuna mwanga.