Samaki Wenyeji na Kaburi la Dada

Kwa mpwa wangu mpendwa, Mtafiti wa Maji,

Baada ya salamu, madhumuni ya waraka huu ni kukuarifu kwamba ushauri wa utafiti wenu umekubaliwa. Lango la bwawa litafunguliwa, ili samaki wenyeji warejee kuzaliana katika delta. Pokea pongezi zangu.

Hata hivyo, kwa mujibu wa ramani uliyoichora wewe mwenyewe, maji yatakayotoka bwawani yatalifunika kaburi la mama yako. Mke wangu alipopata habari hiyo aliuliza, "Na wifi yangu je, yeye si mwenyeji?" Nilimkemea kwa utovu wa adabu, kisha nikatoka nje nikalia.

Mafundi wanasubiri kauli ya familia. Dada alikuwa wangu, lakini mama ni wako. Tumhamishe, au tumwache? Naomba uamuzi wako.

Ni mimi, mjomba wako.